Moshi wa Lori Ukiingia Kwenye Kabini



Jioni moja walikuja zahanati watu watatu. Walikuwa dereva wa lori, utingo wake, na mama mjamzito aliyepewa lifti. Wote waliumwa kichwa. Mama alikuwa ametapika njiani. Nilidhani ni malaria, lakini nilipowapima sikuiona.

Niliuliza, “Mlianza kuumwa lini?”

Dereva akajibu, “Tukiwa njiani. Tulifunga madirisha kwa sababu ya vumbi.”

Waliokaa nyuma juu ya magunia walikuwa wazima. Hapo nikaelewa. Moshi wa injini ulikuwa unavuja na kuingia kwenye kabini.

Sumu hii ni nini?

Katika moshi wa injini kuna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Damu yetu huchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini. Lakini sumu hii hushikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni, zaidi ya mara 200. Oksijeni hukosa nafasi. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika na kulegea. Akizidi kuivuta huzimia, na anaweza kufa. Mtoto aliye tumboni yumo hatarini zaidi.

Injini ya dizeli hutoa sumu hii kidogo kuliko ya petroli. Hata hivyo, malori mengi yana injini chini ya kabini. Moshi ukivuja hapo, unaufunga ndani pamoja nawe.

Jinsi ya kutafuta panapovuja

Lori lenye tabo lina dalili zake. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Nayo husukuma hewa safi ndani ya injini ili lori lipate nguvu. Moshi ukivuja kabla ya kufika kwenye tabo, lori huchoka mlimani na kutoa moshi mweusi. Pengine utasikia mlio wa tik-tik au wa mluzi.

Fanyeni hivi:

1. Simamisheni lori mahali pa wazi. Wekeni vigingi kwenye magurudumu.
2. Zimeni injini, ipoe kabisa. Bomba la moshi huunguza vibaya.
3. Inueni kabini na kuifunga barabara isianguke.
4. Tazameni maungio yote: kutoka injini hadi manifoldi, manifoldi hadi tabo, na tabo hadi bomba. Panapovuja huwa na masizi meusi.
5. Msipoona kitu, pakeni maji ya sabuni kwenye maungio. Mmoja awashe injini. Panapotoka mapovu ndipo panapovuja. Angalieni haraka kabla bomba halijapata moto. Mikono ikae mbali na feni na mikanda.

Jinsi ya kutengeneza

Gasketi iliyoungua ibadilishwe. Bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha lori. Bolti iliyokatika itolewe, iwekwe mpya. Bomba lililotoboka lichomelewe au libadilishwe. Manifoldi iliyopasuka ni bora ibadilishwe. Usifunge kwa bati na waya, kwa maana moshi utapita tu. Ukimaliza, pima tena kwa sabuni.

Mtu akizidiwa na moshi

Zima injini. Mtoe nje kwenye hewa safi. Kama hapumui, mpulizie hewa mdomoni. Mpeleke upesi kwa mganga, hata akisema ana nafuu. Usimpe maziwa ukidhani yataondoa sumu. Sumu hii imo katika damu, haimo tumboni. Dawa yake ni oksijeni.

Yule mama tulimpeleka hospitali kwa gari jingine, akapewa oksijeni. Dereva alitaka kuendelea na safari usiku ule ule, kwa sababu mahindi yalisubiriwa mjini. Nilimkatalia. Asubuhi fundi alikuta gasketi moja imeungua na bolti mbili zimelegea. Kabla ya saa sita mchana kazi ilikwisha.

Ndugu dereva, usilale kwenye kabini injini ikiwa inanguruma. Nawe ndugu abiria, ukiumwa kichwa ndani ya lori, usinyamaze. Fungua dirisha na umwambie dereva asimame.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa bomba la moshi ukiuacha, utachimba kaburi.