Je, Umebisha Hodi au Umepita Tu?

Alfajiri unaposhika simu kabla hata ya kuwasha jiko, unakuta nini? Bila shaka unakuta yale ninayoyakuta mimi. Kundi la akina mama wa kanisani lina ujumbe 40, la wazazi wa darasa la nne lina ujumbe 25, la ukoo limejaa picha za waridi zenye maneno ya baraka, na la VICOBA linakumbusha marejesho. Unaandika "Amina", unaweka alama ya mikono iliyoshikana, kisha unakwenda kuinjika chai. Jua halijachomoza na tayari umesalimiana na watu mia moja. Lakini je, umezungumza na nani?

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nimejitolea katika huduma ya akina mama kanisani kwetu. Ninaandika makala hii kwa sababu ya jambo lililonipata mwenyewe, ambalo hata leo nikilikumbuka naona haya.

Waridi la kila asubuhi

Mwaka 2019 dada mmoja niliyeimba naye kwaya alihamia mtaa wa mbali. Kwa kuwa hatukuonana tena Jumapili, niliazimia kutomsahau. Kila asubuhi nilimtumia picha ya waridi kwa WhatsApp, ikiwa na maneno mazuri ya kumtakia siku njema. Naye kila asubuhi alijibu, "Amina dada, ubarikiwe." Moyoni nilijiona rafiki mwaminifu.

Baada ya miezi miwili hivi tulikutana sokoni. Alikuwa amekonda, na uso wake haukuwa ule niliouzoea. Nilipomvuta kando na kumwuliza, alinieleza kwamba mimba yake ya miezi mitano ilikuwa imeharibika wiki sita zilizopita. Nilishtuka nikamwambia, "Mbona hukunieleza, mwenzangu?" Akanijibu kwa upole, "Maua yako nilikuwa nayapata kila siku, dada. Nilikuwa nangoja uniulize hali."

Niliporudi nyumbani nilifungua simu na kuyatazama mazungumzo yetu tangu mwanzo. Nilikuta picha zaidi ya 50, wala sikukuta swali hata moja. Mimi, ambaye kazini siwezi kupita kitanda cha mgonjwa bila kuuliza usiku umekuwaje, nilikuwa nimepita mbele ya mlango wa rafiki yangu kila siku bila kubisha hodi.

Salamu zetu ni maswali

Wazee wetu walitufundisha adabu ya kuingia nyumba ya mtu. Unasimama nje, unapiga hodi, unangoja karibu. Ukishaketi huanzi na shida iliyokuleta. Unauliza habari za watoto, habari za kazi, habari za mgonjwa aliyekuwa analalamika mgongo. Ukichunguza utaona kwamba salamu zetu nyingi ni maswali: Hujambo? Habari za tangu jana? Umeamkaje? Anayesalimu anasubiri jibu, na katika jibu hilo ndipo mwenzake hupata nafasi ya kusema, "Salama kidogo tu, mtoto hakulala."

Picha ya waridi haiulizi kitu. Ni nzuri, na siwakatazi akina mama kuituma, ila haimpi mwenzako mahali pa kuanzia kusema.

Tukumbuke pia kwamba mitandao hii hurahisisha kufikisha neno moja kwa watu wengi kwa haraka. WhatsApp ilianza mwaka 2009, na tangu mwaka 2022 kundi moja linaweza kuwa na watu 1,024. Nani kati yetu anaweza kuwa rafiki wa watu 1,024? Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Robin Dunbar, alikadiria katika miaka ya 1990 kwamba binadamu anaweza kudumisha uhusiano wa kweli na watu wapatao 150 tu, na kwamba wale wa karibu kabisa huwa kama watano. Wataalamu wenzake wameibishania hesabu hiyo, lakini kila mama anajua moyoni ni wangapi anaoweza kuwapigia simu usiku wa manane mtoto akipata degedege. Hao hawapatikani kwa kujiunga na kundi. Hupatikana mmoja mmoja, kwa mazungumzo.

Namna ya kuanza

Akina mama wengi huniambia, "Natamani kumwandikia fulani, lakini nitaanzaje? Hatujazoeana." Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, mfuate pembeni. Mbele ya watu 200 hakuna mama atakayesema kwamba nyumbani hakuna unga au kwamba baba watoto hajarudi siku tatu. Akiulizwa hadharani atasema "Salama". Mwandikie yeye peke yake, na umtaje kwa jina lake au kwa jina la mtoto wake, ajue kwamba ujumbe huo ni wake na haukutumwa kwa wengine.

Pili, uliza swali dogo ambalo ni la kwake. "Habari yako?" hujibiwa "Nzuri", na mazungumzo yanaishia hapo. Afadhali uulize, "Mama Upendo, yule kijana wako amezoea shule ya bweni?" au "Jumapili nilikuona umekaa nyuma na hukuimba, koo limepona?" Swali la namna hii humwonyesha mtu kwamba ulimwona.

Tatu, usiogope kuomba kitu kidogo. Tukisoma Injili ya Yohana, sura ya 4, tunaona kwamba Bwana Yesu alipokutana na mwanamke Msamaria kisimani hakuanza kwa mahubiri. Alianza kwa kumwomba maji ya kunywa. Mwanamke yule alikuwa amezoea kudharauliwa, na sasa ameombwa kitu ambacho yeye anacho. Nasi tunaweza kufanya hivyo. "Mwenzangu, zile maandazi zako za juzi ulitia iliki kiasi gani?" Mgeni katika mtaa, au mkwe aliyetoka mkoa mwingine, hufunguka haraka akiombwa msaada kuliko akipewa ushauri.

Nne, rudi. Mtu akikwambia Jumanne kwamba Alhamisi anampeleka mama yake hospitali kupimwa macho, jiandikie. Alhamisi jioni mwulize, "Macho ya mama wamesemaje?" Urafiki hujengwa na swali hili la pili.

Tano, usimhukumu asiyejibu. Huenda hana bando, huenda simu iko kwa watoto, huenda amechoka. Ngoja siku chache ubishe tena kwa upole. Hodi hupigwa mara tatu.

Saa tisa ya usiku

Sasa niwaeleze kwa nini naona jambo hili si dogo. Mama ninayemsimulia ameniruhusu, nami nitamwita Mama Baraka, ingawa si jina lake.

Alijifungua mtoto wake wa kwanza, na picha ya mtoto ilipowekwa kundini zilimiminika pongezi zaidi ya 80. Kisha kundi likaendelea na habari za harusi na michango. Mama Baraka aliendelea kujibu "Amina" kwenye neno la asubuhi, nasi tukaona yuko salama.

Nikiwa zamu ya usiku niliona jambo. Saa tisa, saa kumi ya usiku, simu ilionyesha kuwa yuko hewani. Siku ya kwanza nilisema mtoto ananyonya. Siku ya nne nilimwandikia, "Mama Baraka, hujambo mwanangu? Unaendeleaje?" Akajibu, "Shikamoo sista. Naendelea vizuri." Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilimkumbuka yule dada wa sokoni, nikauliza tena, "Mara ya mwisho kula chakula kikiwa cha moto, umekaa chini, ni lini?"

Kimya kilipita kama dakika kumi. Kisha ukaja ujumbe wa sauti. Nilitoka nje ya wodi kuusikiliza. Kwa muda mrefu kulikuwa na kilio tu. Halafu akasema kwamba wiki ya tano sasa halali hata mtoto akilala, kwamba hasikii furaha yoyote, na kwamba amekuwa akiwaza mtoto yule angekuwa heri kwa mama mwingine.

Sikumtumia waridi, wala sikumwambia asali zaidi na kushukuru. Nilimwuliza moja kwa moja kama amewahi kufikiri kujidhuru au kumdhuru mtoto. Akasema kujiua amekuwaza, lakini anaogopa. Nilimwomba amwamshe mume wake saa ile ile na kumpa simu. Nilizungumza na baba Baraka, nikamweleza asimwache mkewe peke yake. Kulipopambazuka tulikuwa kliniki pamoja.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Huzuni na machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na mara nyingi hutulia ndani ya wiki mbili. Yakizidi wiki mbili, au mama akikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, akajiona hafai, au akawa hana hisia kwa mtoto, huo ni ugonjwa unaotibika na aende kituo cha afya. Tangu mwaka 1987 wauguzi na madaktari wamekuwa na dodoso la maswali 10 liitwalo la Edinburgh la kupimia hali hiyo. Mama akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, msingoje kesho, na asiachwe peke yake.

Mama Baraka alitibiwa. Dada yake alikuja kukaa naye, mume akajifunza kuosha nepi, na miezi ilipopita nuru ilirudi usoni pake. Aliniambia baadaye, "Sista, kama ungeniuliza tu kama nasali, ningesema ndiyo. Nilikuwa nasali kweli. Lakini kuhusu kula hakuna aliyekuwa ameniuliza."

Mambo ya kujihadhari

Mlango ukifunguliwa, mtunzie mwenzako siri. Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa namna ambayo wa katikati hawezi kuusoma njiani, lakini hakuna kufuli linalomzuia rafiki kupiga picha maneno yako na kuyapeleka kundini. Kufuli hilo ni mdomo wa mtu mwenyewe. Hata ombi la maombi usilipeleke kwa wengine bila ruhusa ya mhusika. Wengi wameaibishwa kwa jina la kuombewa.

Usitume picha ya mtoto wa mwenzio bila kumwuliza. Ujumbe wa dawa za kienyeji au wa kutisha unaokuja na alama ya kuwa umetumwa tena na tena, usiupeleke mbele. WhatsApp wenyewe mwaka 2019 walipunguza hadi mazungumzo matano kwa mara moja, kwa kuona madhara ya uvumi.

Na kwa kuwa matapeli nao wanajua kubisha hodi, mtu akikuomba namba sita za siri zilizotumwa kwenye simu yako, usimpe hata kama jina linalotokea ni la mama mchungaji. Akiandika kwamba amekwama na anahitaji pesa upesi, mpigie usikie sauti yake kabla ya kutuma.

Mwisho, tusije tukawabishia hodi walio mbali huku waliomo ndani wakiona visogo vyetu. Nyumbani kwetu simu hulala juu ya kabati wakati wa chakula cha jioni. Mume na watoto nao wanahitaji kuulizwa habari za kutwa.

Wiki hii

Mpendwa mama, fungua lile kundi lenye watu wengi. Pitia majina taratibu, moja baada ya jingine. Utafika kwenye jina ambalo hujalisikia likisema neno tangu muda mrefu, au linalosema "Amina" tu. Simama hapo. Mwandikie pembeni, kwa jina lake, swali moja dogo. Akijibu, msikilize. Ikiwezekana, panda daladala uende ukamwone, maana simu hufungua mlango lakini mtoto hubebwa kwa mikono.

Yule dada wa sokoni bado ni rafiki yangu. Sasa simtumii waridi. Asubuhi namwandikia, "Umeamkaje?" kisha naiweka simu karibu ningoje jibu.