Lubumbashi: kichekesho cha televizyo na cha ukumbini, ladha haifanani

Mbele ya televizyo, mtu anamtazama mchekeshaji huku anakula, anajibu simu, ao anaongea na jirani. Ukumbini haiko vile. Mchekeshaji anakuona. Ukifika kwa kuchelewa, unaweza kugeuka wewe mwenyewe kichekesho cha jioni ile.

Tangu mwaka 2016, wapenzi wa ucheshi katika inchi za Afrika zinazosema Kifaransa wanafuata « Le Parlement du Rire » kwenye Canal+. Kipindi hicho, chenye kuongozwa na Mamane wa Niger, kinarekodiwa Abidjan, Côte d'Ivoire. Ni kwa televizyo watu wengi walimjua Gohou ao Digbeu Cravate. Vijana wengi wa Kongo nao waliona kwamba mtu mmoja na mikro moja anaweza kupata mkate wake kwa maneno.

Lakini televizyo inachagua. Kichekesho kilichoanguka kinakatwa, hakuna atakayekiona. Kicheko unachosikia nyumbani ni cha watu waliokuwa Abidjan. Tena, kwa kuwa mchekeshaji anataka kueleweka Dakar, Cotonou na Kinshasa kwa pamoja, mambo ya mtaa wake anayaacha pembeni.

Ukumbini anayarudisha. Mbele ya wakaaji wa Lubumbashi, inatosha ataje Katuba, Kenya ao Ruashi, hana haja ya kueleza. Anachanganya Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja, sawa watu wanavyoongea sokoni. Watu wakinyamaza, hakuna wa kumkatia picha: lazima ajiokoe mwenyewe, palepale. Mara nyingi namna anavyojiokoa ndiyo inayochekesha kuliko yote.

Lubumbashi haikujifunza jambo hili jana. Kundi la Mufwankolo lilichekesha wakaaji wa mji kwa Kiswahili chao, kwenye radio na televizyo, bila maandishi: waigizaji walipatana juu ya hadithi, kisha kila mmoja alitafuta maneno yake. Mwaka 1986, wakati wa Mobutu, walitayarisha mchezo juu ya methali isemayo kwamba mamlaka huliwa mazima. Waliucheza katika kijiji cha Kawama, mbele ya kamera za televizyo, wanakijiji wakiwapo. Mtaalamu Johannes Fabian aliandika kitabu juu ya kazi hiyo, kilichotoka mwaka 1990. Hapo kamera ndiyo iliwafuata watu walipo.

Leo kamera iko mfukoni mwa kila mtazamaji, na hapo ndipo mkate wa mchekeshaji unapoguswa. Mwimbaji anaombwa arudilie wimbo uleule, na watu wanafurahi. Kichekesho kikishajulikana, nguvu yake inapungua. Mchekeshaji anakijaribu kwanza mbele ya watu wachache, anakirekebisha, kisha anakipeleka mji kwa mji. Mtu akikirekodi kwa simu na kukitupa kwenye WhatsApp, kinaweza kumtangulia Likasi ao Kolwezi, naye atafika huko mikono mitupu. Marekani, Dave Chappelle alishaweka utaratibu wa kufungia simu za watazamaji ndani ya mifuko ya Yondr mpaka mwisho wa onyesho.

Hata hivyo, si kila mtu anaweza kwenda ukumbini. Kuna bei ya kuingia, kuna feza ya taxi, na kuna mitaa ambako kurudi usiku ni hatari. Kwa familia nyingi za mashariki ya inchi, ambako vita imefunga barabara, televizyo na simu ndiyo mlango pekee wa kicheko. Hakuna wa kuwalaumu.

Lakini kwa yule anayeweza kufika, tiketi yake inalipa pia kichekesho kijacho, kile ambacho bado hakijakamilika. Akicheka, mchekeshaji anajua kimeiva. Akinyamaza, anajua kazi bado. Televizyo haiwezi kumpelekea jibu hilo.