Canada: Nguruwe wa kitambi wanaokataliwa mjini walemea mashamba madogo ya familia

Asubuhi ya Januari kusini mwa jimbo la Ontario, baridi ikiwa imefika nyuzi 20 chini ya sifuri, mwenye shamba huingia bandani na asione nguruwe hata mmoja. Huona rundo la mabua makavu tu, linalopanda na kushuka taratibu. Chini yake wamelala nguruwe wanane au kumi waliobanana, na wa kwanza kutoa pua nje huwa ni yule aliyesikia kifuniko cha pipa la chakula kikifunguliwa.

Nguruwe hao hawanenepeshwi, hawauzwi wala hawachinjwi. Wengi wao waliwahi kuishi ndani ya nyumba za mjini, wakilala juu ya mazulia na kupigwa picha na watoto, hadi siku walipoonekana kuwa wakubwa mno, wakorofi mno au haramu kwa mujibu wa sheria za mji. Mashamba madogo ya familia yanayowapokea yametapakaa katika jimbo hilo, na baadhi yake yako umbali usiozidi saa mbili kwa gari kutoka Buffalo, mji wa Marekani wenye jamii kubwa ya wazungumzaji wa Kiswahili waliotoka Kongo na Burundi.

Nguruwe wa kitambi hutambulikana kwa umbo lao: mgongo uliobonyea katikati, uso uliokunjamana, masikio madogo yaliyosimama na tumbo linaloning'inia hadi kukaribia ardhi. Asili yao ni Vietnam, hususan aina iitwayo Ỉ, iliyofugwa na wakulima wa kaskazini mwa nchi hiyo. Katika miaka ya 1960 baadhi yao walipelekwa katika bustani za wanyama za Ulaya. Mwaka 1985 Keith Connell, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Bowmanville, mashariki mwa Toronto, aliagiza kundi dogo kutoka Ulaya. Lengo lilikuwa maonyesho, lakini watoto wa nguruwe hao walianza kuuzwa Marekani kama wanyama wa kufugwa nyumbani, na mmoja aliweza kugharimu maelfu ya dola. Wafugaji wengi walijitosa katika biashara hiyo, bei ikaporomoka, na wanyama wakaanza kutelekezwa. Bustani ya Bowmanville ilifungwa mwaka 2016. Vietnam kwenyewe, kwa kinaya, aina ya Ỉ imekuwa adimu, kwa kuwa wakulima waligeukia nguruwe wa kigeni wanaokua haraka na kuwa na nyama nyingi zaidi.

Chanzo cha tatizo la sasa ni neno moja la kibiashara: nguruwe mdogo. Wauzaji humhakikishia mnunuzi kwamba kitoto anachokibeba kiganjani kitabaki na ukubwa wa paka au mbwa mdogo. Mnunuzi akitilia shaka, huonyeshwa wazazi, na kweli wazazi hao ni wadogo. Asichoambiwa ni kwamba nguruwe hawa huweza kuzaa wakiwa bado watoto. Dume huweza kupandisha akiwa na miezi michache tu, na jike hubeba mimba kwa muda wa siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu hivi. Kwa hiyo mama anayeonyeshwa huenda hajatimiza mwaka, ilhali nguruwe wa kitambi huendelea kukua hadi afikishe miaka mitatu, pengine mitano. Akikamilika huwa na uzito wa kilo 40 hadi 90, na wapo wanaozidi hapo. Wauzaji wengine humwagiza mnunuzi ampe mnyama chakula kidogo kupita kiasi ili asikue. Nguruwe wa namna hiyo hudumaa mifupa, akawa mgonjwa, na njaa humfanya afungue makabati na majokofu, jambo ambalo pua yake inaliweza bila shida.

Mfano uliojulikana zaidi nchini Canada hakuwa hata nguruwe wa kitambi. Mwaka 2012 Steve Jenkins na mwenzake Derek Walter, wakazi wa mji wa Georgetown, Ontario, walimchukua kitoto walichoambiwa ni nguruwe mdogo, wakampa jina la Esther. Kumbe alikuwa wa aina ya kawaida ya kibiashara, wale wanaofugwa kwa ajili ya nyama, na alikua hadi akakaribia kilo 300 akiwa bado anaishi ndani ya nyumba. Umaarufu wake mtandaoni uliwawezesha kuchangisha fedha na kununua shamba huko Campbellville mwaka 2014, likawa makimbilio ya mifugo wengine. Esther alikufa Oktoba 2023. Wachache hubahatika kuwa na mashabiki wa kuwanunulia shamba. Familia nyingi huachiwa mnyama yuleyule bila mashabiki wala fedha.

Msomaji aliyelelewa Kivu, ambako nguruwe ni ada ya shule inayotembea, huenda akauliza kwa nini mnyama huyu asichinjwe tu. Msomaji Mwislamu huenda akashangaa zaidi kwamba aliruhusiwa kuvuka kizingiti cha mlango. Jibu ni kwamba kwa walionunua, huyu hakuwahi kuwa mfugo. Ana jina, anaitika akiitwa, na amejifunza kwenda haja mahali alipoelekezwa. Hata hivyo sheria haimtambui hivyo. Toronto, mathalani, imemworodhesha nguruwe miongoni mwa wanyama wasioruhusiwa kufugwa mjini, na jirani mmoja tu akilalamika, mwenye mnyama hulazimika kumwondoa. Makao mengi ya mbwa na paka walioachwa hayana nafasi wala ujuzi wa kumpokea. Baadhi huishia mnadani, baadhi huachwa porini, na waliobaki hutafutiwa shamba.

Sheria si sababu pekee. Nguruwe ni mnyama wa kundi, na kundi huwa na ngazi za ukubwa. Akiishi peke yake na watu, huwahesabu watu hao kuwa ndio kundi, na akifikisha umri wa utu uzima huanza kujaribu nani yuko juu ya nani. Kwanza humsukuma mtoto, kisha humng'ata mgeni. Wenye nyumba hudhani amegeuka mwovu, kumbe anafanya yale ambayo bandani yangemalizwa na nguruwe mwenzake kwa msukumo mmoja wa bega.

Shambani mambo huanza kwa uzio. Nguruwe hufukua ardhi kwa pua kutafuta mizizi na wadudu, na malisho mazuri huweza kugeuka shamba lililolimwa ndani ya majuma machache. Kumfunga pete puani humzuia, lakini familia nyingi za aina hii hukataa kumuumiza mnyama kwa kufanya lile alilozaliwa nalo. Badala yake hugawa shamba katika vipande na kuwahamisha, zikikubali kwamba kipande kimoja kitakuwa matope daima. Matope hayo yana kazi. Nguruwe hawezi kujipoza kwa jasho kama afanyavyo binadamu, hivyo hugaagaa ili ngozi ipoe na kujikinga na jua, kwani wenye ngozi nyeupe huungua. Wakati wa baridi hukusanya mabua kwa mdomo na kujitandikia wenyewe, na mwenye shamba asiyeongeza mabua kwa wakati hupigiwa kelele ambazo jirani wa mbali huzisikia.

Chakula ndicho kinachowakosesha wageni. Punje zinazouzwa kwa wafugaji wa nguruwe zimetengenezwa ili mnyama anenepe na kuchinjwa akiwa na umri wa miezi sita hivi. Nguruwe wa kitambi akilishwa hivyo hujaa mafuta hadi mikunjo ya uso imfunike macho, akawa kipofu ingawa macho yenyewe ni mazima. Wengi huwasili shambani wakiwa katika hali hiyo, wakitembea kwa kufuata sauti na harufu. Huwekwa kwenye kipimo kidogo cha chakula maalumu asubuhi na jioni, mboga kidogo, na majani ya malisho. Kuona hurudi polepole, kadiri mafuta yanavyopungua, na huweza kuchukua miezi mingi.

Kisha kuna kwato, ambazo hukua bila kukoma na huhitaji kukatwa, na chonge za madume, zinazochomoza nje ya mdomo. Mtu mmoja humkwaruza nguruwe tumbo mpaka miguu ilegee na mnyama ajilaze ubavuni kwa raha, na mwingine hufanya kazi haraka kabla raha haijaisha. Madume huhasiwa, kwa sababu dume asiyehasiwa hutoa harufu kali na hatulii. Majike pia hufungwa kizazi inapowezekana, kwani wakizeeka bila upasuaji huo hupata uvimbe wa mfuko wa uzazi mara nyingi. Tabu ni kumpata wa kuifanya kazi hiyo. Daktari wa mbwa na paka hajazoea nguruwe, na daktari wa mifugo amezoea nguruwe wasiofikisha hata mwaka mmoja. Nguruwe mwenye umri wa miaka 14 na maumivu ya viungo ni mgonjwa ambaye vitabu vingi vya ufugaji havikumtarajia.

Kwa serikali, nguruwe wa kitambi na nguruwe wa nyama ni kitu kimoja, na hapa si rahisi kuilaumu. Tangu Julai 1, 2014, kila anayefuga nguruwe nchini Canada, hata akiwa na mmoja tu asiyekusudiwa kuliwa, anatakiwa kujisajili na kutoa taarifa ndani ya siku saba mnyama anapohamishwa. Ni marufuku pia kuwalisha nyama au mabaki ya chakula yaliyochanganyika na nyama. Familia iliyompa nguruwe makombo ya mezani kwa miaka mitatu hushangaa kuambiwa kwamba ilikuwa ikivunja sheria.

Sababu ya katazo hilo inaelekea Afrika Mashariki. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na daktari wa mifugo Montgomery, kutokana na milipuko aliyoishuhudia Kenya. Virusi vyake huishi ndani ya ngiri bila kuwaua na husambazwa na kupe, lakini vikimfikia nguruwe wa kufugwa huweza kuangamiza zizi zima ndani ya siku chache. Binadamu hawaugui, ila kipande cha nyama ndani ya mkoba wa msafiri kinatosha kuvihamisha, kwa kuwa hudumu hata katika nyama iliyogandishwa. Mwaka 2021 ugonjwa huo uligunduliwa Jamhuri ya Dominika na Haiti. Canada na Marekani hazijawahi kuupata, na zote mbili huuza nyama ya nguruwe kwa wingi nchi za nje. Mnyama mmoja wa kitambi katika ua wa nyuma anatosha kufunga masoko hayo, na ndiyo maana wasafiri wanaovuka mpaka hukaguliwa vyakula walivyobeba.

Mzigo mzito kuliko yote kwa familia ni muda. Nguruwe wa kitambi anayetunzwa vizuri huishi miaka 12 hadi 20. Wanandoa wenye umri wa miaka 60 wanaopokea wanyama wawili wenye miaka miwili wanajifunga hadi uzeeni, na watoto wao si lazima wawe na hamu ya kurithi banda. Kuna majani ya kununua kila msimu wa baridi, daktari wa kulipwa, na safari zisizowezekana kwa sababu hakuna jirani anayekubali kubaki na nguruwe kumi. Kwa hiyo mashamba mengi hufikia idadi fulani na kusema basi. Simu hazikomi kwa sababu hiyo. Anayepiga huwa ana wiki moja aliyopewa na mji, na huwa ameshapiga kwingine kabla ya hapo.

Zinapokubali, kuna taratibu. Mgeni hawekwi moja kwa moja ndani ya kundi, kwa maana wangemjeruhi. Hutengwa kwanza ili aangaliwe maradhi, kisha huwekwa kwenye ua uliopakana na wenzake, waonane na kunusana kupitia seng'enge kwa majuma kadhaa. Uzio ukiondolewa, mapigano hutokea. Huzungukana bega kwa bega, povu likiwatoka mdomoni, wakisukumana na kung'atana masikio, na mwenye shamba husimama kando ameshika ubao mpana wa kuwatenganisha, akijizuia kuutumia mapema. Wakitenganishwa kabla ya kuamua nani mkubwa, wataanza upya kesho. Aliyeshindwa hugeuka na kukimbia, na hapo ugomvi huwa umekwisha. Kwa siku kadhaa mgeni hula mwisho na kulala pembeni ya mabua, mgongo ukiwa nje. Usiku wa baridi kali ukiingia, mmoja husogea, na asubuhi rundo huwa moja.