Ua Moja, Magonjwa Mawili: Mfano wa Kuunganisha Mada katika Sayansi

Mwanafunzi wa udaktari ajiandaapo kwa mtihani husoma kisukari katika sura moja, saratani ya tezi za limfu katika sura ya pili, na dawa za saratani katika sura ya tatu. Mwalimu wa shule ya msingi hahitaji sura zote hizo. Yampasa, hata hivyo, kujua mahali zinapokutana, nazo hukutana katika mmea mdogo wa bustani wenye maua ya petali tano, ya rangi ya waridi au meupe, ambao asili yake ni Madagaska. Wataalamu huuita Catharanthus roseus.

Huko Jamaika watu waliyachemsha majani yake kama dawa ya kisukari. Katika miaka ya 1950 Robert Noble na Charles Beer, watafiti wa Kanada, waliyajaribu kwa panya. Sukari ya damu haikushuka. Kilichopungua ni chembe nyeupe za damu. Mtu mwenye haraka angeyatupa majani yale. Wao walijiuliza kama kitu kiharibucho chembe nyeupe kingeweza kuzuia saratani ya chembe hizo. Ndipo ikapatikana vinblastini, kisha vinkristini.

Dawa hizi huzuia chembe hai isigawanyike. Kwa kuwa chembe za saratani hugawanyika upesi, ndizo ziumiazo zaidi. Lakini mizizi ya nywele na uboho wa mifupa navyo hufanya kazi kwa haraka. Kwa hiyo mtoto aliye katika tiba ya kemikali aweza kurudi shuleni hana nywele na ni mwepesi wa kuambukizwa. Darasa lielezwe hayo kabla hajafika.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto ambao sasa huitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari karibu maili 10,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona kwamba karibu na ikweta ugonjwa huwa nadra juu ya mita 1,500 hivi. Leo twajua kuwa virusi vya Epstein-Barr na malaria ya mara kwa mara huchangia.

Hapa Morogoro ramani ya somo hili iko dirishani. Mji uko kwenye mita 500 hivi. Vilele vya Uluguru hupita mita 2,600. Wanafunzi wachore mkato wa mlima, waulize mbu huzaliana wapi zaidi, na kwa nini. Waoneshwe ua, lakini wasionje jani lake: ni sumu.

Mwalimu naye atazame nyuso. Taya linalovimba upesi si jino bovu tu. Uvimbe huu waweza kukua maradufu kwa siku chache, na ukiwahiwa watoto wengi hupona kwa dawa. Vilevile mtoto anywaye maji mno, akondaye na kuomba ruhusa ya kwenda msalani kila mara asichapwe wala kuitwa mtoro. Huenda kongosho lake limeacha kutoa insulini, na hakuna majani yawezayo kuirudisha. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.