Mche Ulioungua kwa Mbolea
Huko Kabuta, wilayani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, mche wa mwembe uliopandiwa watoto waweza kufa kwa wema wa mwenyewe. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Ikizidi, huyavuta maji kutoka mizizini, na ncha za majani hukauka kama zilizochomwa moto.

Ndugu msomaji, usiongeze mbolea ukidhani mti una njaa: una kiu. Ondoa punje zilizosalia juu ya udongo. Mwagia maji mengi polepole, yaache yazame, kisha rudia. Yakituama, yafanyie mfereji. Usikate matawi upesi, wala usitie mbolea tena mpaka majani mapya yachipue na kukomaa. Mvumilivu hula mbivu.