Jembe lisivuke mpaka na udongo wake

Vitabu vya kilimo vinapozungumzia usafi wa zana za kulimia, picha huwa ni ya trekta: plau ya visahani, pampu ya maji yenye nguvu na sakafu ya saruji ya kuoshea. Ukitoka Bujumbura ukashuka kusini kwa barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita sabini na ushei hadi Rumonge, picha hiyo haimsaidii mtu. Huku ardhi inalimwa kwa jembe la mkono, isuka kwa Kirundi, na familia nyingi za Burundi hulima eneo lisilofika hata hekta moja. Ndiyo maana somo la usafi limeachwa kama halituhusu, kana kwamba jembe ni dogo mno kuwekewa kanuni. Hoja ya makala haya ni kwamba jembe linahitaji kusafishwa kwa bidii kuliko hata trekta, na kwamba mahali pa kulisafishia ni mpakani mwa shamba, kabla mkulima hajavuka kwenda kwingine. Nyumbani jioni ni kuchelewa, na ziwani ni kosa jingine tutakalolifikia.

Tuanze na lisilobishaniwa, nalo ni uzito. Mfinyanzi uliolowa hunata kwenye chuma kwa sababu ya utando mwembamba wa maji unaokaa kati ya viwili hivyo na kuvishikamanisha. Ukikauka kabisa haunati, na ukiwa uji huteleza. Hunata zaidi ukiwa na unyevu wa wastani, yaani katika hali ileile anayoipenda mkulima, siku moja au mbili baada ya mvua. Chuma kilichong'aa huachia tope, chenye kutu na mashimo hulishika. Jambo hili limewahi kumtajirisha mtu. Huko Illinois, Marekani, wakulima wa miaka ya 1830 walilazimika kusimama kila baada ya hatua chache wakwangue plau zao za chuma cha kalibu, kwa kuwa udongo mzito wa mbuga zile uligoma kubanduka. Mwaka 1837 mhunzi wa kijiji cha Grand Detour, John Deere, alichukua msumeno uliovunjika, wa chuma cha pua kilichosuguliwa hadi kung'aa, akautengenezea plau, na udongo ukawa unateleza wenyewe. Kampuni kubwa ya trekta inayobeba jina lake ilianzia kwenye kero ya tope.

Rumonge haihitaji mhunzi wa Illinois kuhesabu hasara hiyo. Tuseme jembe limebeba nusu kilo ya tope mgongoni, na anayelima analiinua mara ishirini kwa dakika kwa saa nne za asubuhi. Hizo ni mara 4,800, na tope alilolinyanyua bila kulima nalo chochote ni kilo 2,400. Mbele ya hesabu hii, ile sababu inayotajwa kila mara, kwamba kibarua anayelipwa kwa kipande hana muda wa kukwangua, inakosa nguvu. Kukwangua kwa kijiti huchukua chini ya dakika moja. Anayedhani anaokoa muda kwa kuliacha tope analipia muda huo kwa mabega yake, na saa ya tatu hawi tena na kasi ya saa ya kwanza.

Kutoka kwenye tope tunaingia kwenye kutu, maana moja humwita mwenzake. Udongo ulioachwa kwenye chuma usiku kucha hushikilia unyevu pamoja na chumvi zake, na pahali pabaya kuliko pote ni pale mpini unapopachikwa. Tope hujisokota kati ya chuma na mti, halionekani, halikauki. Chuma kinalika na mti unaoza kwa pamoja. Kichwa cha jembe kikianza kucheza, mtu anachomeka kabari ya kitambaa au kipande cha ndala, na kitambaa nacho kinatunza unyevu uleule. Majembe mengi husingiziwa kuwa ya chuma kibovu ilhali yameliwa kutoka tunduni. Na Rumonge ina dawa ya kutu mlangoni, kwa sababu huu ndio mji wa mawese wa Burundi. Viwanda vya mabati ya bati huko Wales vilitumia mawese kutoka Afrika Magharibi kwa miaka mingi, kukinga karatasi za chuma zisishikwe na hewa wakati wa kupakwa bati. Kilichofaa kiwandani kitafaa kwenye jembe: utando mwembamba uliopanguswa kwa kitambaa, juu ya chuma kilichokwisha kukauka. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipendelea kwa kuwa ni ya bure, huzuia kutu pia, lakini mwisho wake huingia kwenye udongo unaotoa mihogo yetu.

Mpaka hapa jambo ni la mwenye jembe na jembe lake. Akitaka kuchoka achoke, akitaka kununua jingine anunue. Lakini udongo una wakazi, na wakazi hao ndio wanaoufanya usafi kuwa deni la mtu kwa jirani yake. Chukua mnyauko bakteria wa migomba, ambao ndugu zetu wa Kagera huuita unyanjano. Ulielezwa kitaalamu Ethiopia mwaka 1968, ukabaki huko kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda na mashariki ya Kongo. Mwaka 2005 na 2006 ukathibitishwa Rwanda, Tanzania na Kenya. Mwaka 2010 ikawa zamu ya Burundi. Katika ndizi zinazolimwa kwetu hakuna aina inayoustahimili kikamilifu. Wadudu huubeba kwenye ua linaloning'inia chini ya mkungu, hilo ni kweli, na ndiyo sababu wakulima huambiwa walivunje ua kwa mti wenye panda, wasilikate kwa kisu. Njia nyingine ni miche yenye ugonjwa, na nyingine tena ni panga na jembe. Ukikata shina la mgomba mgonjwa, ute wa rangi ya maziwa au manjano hutoka baada ya dakika chache. Ute huo ni bakteria watupu. Jembe linalopalilia chini ya mgomba hukwaruza mizizi na kitako cha shina, hujipaka ute na udongo, kisha huingia shina la pili likiwa limeshalifungulia kidonda.

Bakteria huyo bado ana udhaifu wa kutodumu muda mrefu udongoni. Kuvu wa mnyauko fuzari hana udhaifu huo: chembe zake hulala ardhini miaka na miaka zikingoja mgomba upandwe. Aina yake mpya inayoua hata ndizi za Cavendish za biashara ya dunia ilithibitishwa kaskazini ya Msumbiji mwaka 2013. Ilipofika bonde la Tully, Queensland, Australia, mwaka 2015, jambo lililosisitizwa mashambani lilikuwa mipaka: magari yaoshwe, viatu vioshwe, zana zisihame shamba hadi shamba na udongo. Serikali ya jimbo hilo ilishirikiana na wakulima kulinunua shamba la kwanza lililoambukizwa, likafungwa. Burundi haina fedha za kununua mashamba yaliyougua. Ina vijiti vya kukwangulia. Na asiyelima ndizi asidhani yaliyosemwa hayamhusu. Michikichi nayo ina mnyauko fuzari wake, unaoingilia mizizini kutoka udongoni, na ulielezwa kwanza ng'ambo ya pili ya ziwa, huko Kongo, mwaka 1946. Nyanya na bilinganya zina mnyauko wao wa bakteria, uleule uliowafanya watafiti wa ISABU, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Burundi, kusambaza nyanda za juu viazi vya Ndinamagara, vinavyouvumilia. Hata ndago, lile gugu linalowatoa watu jasho bure, husafiri kwa vinundu vyake vidogo ndani ya bonge la tope.

Sasa, kwa nini jembe kuliko trekta? Kwa sababu trekta ni moja na majembe ni mengi, na kwa sababu jembe lina miguu ya mwenye nalo. Kibarua mmoja hulima kwa mwajiri huyu leo na yule kesho, kisha jioni anageukia shamba lake mwenyewe, kwa jembe lilelile. Halafu ipo Jumamosi. Asubuhi ya siku hiyo Warundi huitwa kwenye ibikorwa rusangi, kazi za umma za kuchimba mitaro, kutengeneza barabara na kusafisha viwanja, na kila mtu hufika na jembe lake kutoka shambani kwake. Kama mtu angetaka kubuni njia ya kuchanganya udongo wa kolini nzima, yaani kitongoji kizima cha kilimani, kila wiki, asingebuni iliyo bora. Wala hili si la kulaumu kazi za umma. Watu wale wale waliokusanyika mahali pamoja ndio walio rahisi kufundishwa pamoja.

Atasimama mtu aseme: udongo hausubiri jembe. Mvua ikinyesha kwenye miteremko ya Mumirwa iliyo juu ya ziwa, mito kama Dama na Murembwe hushuka myekundu. Ziwa nalo limepanda miaka hii ya karibuni likaingia majumbani mwa watu wa Rumonge. Mbuzi wanapita, baiskeli zinapita. Kukwangua jembe mbele ya mafuriko ni mzaha. Hoja hii ina uzito, nami nisingeipuuza. Ila tazama maji yanakokwenda. Maji hushuka, na hushuka katika bonde lake. Hayapandi kilima, wala hayatoki bonde la mto mmoja kwenda la mwingine. Ugonjwa unaopanda mlima, unaovuka kutoka kolini hadi kolini na kuingia shamba lililo juu ya jirani aliyeugua, umebebwa na kiumbe mwenye miguu au mabawa. Mabawa ya wadudu hatuyawezi. Bonge la tope tunaliweza.

Pingamizi la pili ni la kweli zaidi, na heri likubaliwe mapema. Magonjwa kadhaa yanayoliumiza tambarare la Imbo, kando ya ziwa, hayajali usafi wa jembe hata kidogo. Kishada cha migomba, kinachojulikana katika Imbo tangu miaka ya 1980, huenezwa na vidukari na machipukizi. Batobato ya mihogo na michirizi kahawia huenezwa na nzi weupe na vipando. Mkulima akiambiwa kwamba jembe safi litamponya mihogo yake, akaona majani yanazidi kujikunja, ataacha kusikiliza na kwa haki kabisa. Basi asiahidiwe zaidi ya ukweli: jembe safi linaziba mlango wa magonjwa ya udongo na yale ya majeraha, na milango mingine ina kufuli zake.

Namna ya kufanya nayo ina mpangilio, na wengi huupindua. Wanaosikia habari za kuua vimelea hukimbilia javeli, wakatumbukiza jembe lenye tope ndoani. Klorini ya javeli huishiwa nguvu kwenye kila kitu chenye asili ya uhai inachokutana nacho. Ikikuta tope na majani yaliyooza, inamalizikia huko kabla haijafika kwenye bakteria, na mkulima amemwaga faranga zake. Kwa chembe za fuzari zilizojificha ndani ya bonge, dawa hiyo haifai kitu. Kwa hiyo kukwangua kukavu ndiyo kazi yenyewe, na dawa ni nyongeza: kijiti au kipande cha bati, mgongo wa jembe, ncha, kisha tunduni, na udongo ubaki palepale ulipotoka. Baada ya hapo, aliye kwenye eneo lenye unyanjano atumie javeli au moto. Moto hauna gharama, ila una adabu yake: chuma kipashwe hadi kisishikike kwa mkono, basi. Kikiachwa kiwe chekundu, makali hupoteza ugumu na jembe litapinda kwenye jiwe la kwanza. Ama tabia ya kwenda kuosha ziwani au mtoni, ubaya wake hauko kwenye kiasi cha udongo, ambacho si kitu mbele ya mmomonyoko wa milima. Ubaya ni kwamba maji ya mto hutekwa na watu wa chini kumwagilia nyanya, na udongo wa shamba lililougua umeshapelekwa hadi mferejini kwao.

Haya yote hayahitaji mradi wala mfadhili. Wagani hufundisha nafasi za kupandia, mbolea na mbegu, mambo mema, lakini kijiti cha kukwangulia hakimo kwenye orodha, pengine kwa kuwa hakina muuzaji wa kukitangaza. Wakuu wa kolini za Rumonge wanaweza kukiingiza Jumamosi hii: kabla watu hawajatawanyika, dakika moja, kila jembe likwanguliwe palepale kwenye mtaro liliouchimba. Nao vibarua wafanye vivyo hivyo mpakani mwa kila shamba, na mwenye shamba ambaye kibarua wake amekuja na tope la kwingine ana haki ya kumzuia mlangoni hadi alikwangue. Msimu wa kwanza huanza Septemba, mvua zikirudi. Desturi hii ianze kabla hazijafika.