Tusiipoteze Miswada Yetu kwa Picha Hafifu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Ningependa kuongeza kwamba hata daftari lenyewe laweza kuisha bila habari, tena mikononi mwa wale wanaodai kulihifadhi. Nazungumzia picha tunazopiga ili kuinusuru miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu.

Baadhi ya miswada hiyo imehifadhiwa vyema. Maktaba ya SOAS jijini London, kwa mfano, ina kazi za mkono wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 1945. Mingine ingali majumbani huko pwani, sandukuni, ikiandamwa na unyevu na mchwa. Mwanafunzi aendaye utafitini huenda akaonyeshwa mswada wa ukoo kwa saa chache tu. Huupiga picha kwa simu, akashukuru, akaenda zake. Mimi ni mwanaisimu, si mpiga picha. Lakini ndimi niletewaye picha hizo nizisome, na ndizo zilizonisukuma kuandika makala haya.

Yafaa ieleweke kwamba kompyuta huuhifadhi mwanga kwa tarakimu. Idadi ya biti zinazotengewa kila rangi ya msingi, yaani nyekundu, kijani na buluu, ndiyo tunayoweza kuiita kina cha biti. Faili ya kawaida ya JPEG ina biti 8, ambazo ni ngazi 256 kutoka weusi hadi weupe. Faili ya TIFF ya biti 16 ina nafasi ya ngazi 65,536. Kamera nyingi za kitaalamu hunasa biti 12 au 14, yaani ngazi 4,096 au 16,384. Hivyo JPEG huzitupa nyingi kabla hata mpigaji hajaitazama picha yake.

Je, jicho la binadamu huziona ngazi hizo zote? La, hasha. Ndiyo maana wengi hushikilia kwamba biti 8 zatosha, na kwa picha ya arusi ya kutazamwa tu hawajakosea. Mswada uliofifia, hata hivyo, hautoshi kutazamwa. Sharti urekebishwe ndipo usomeke.

Tuchukue ukurasa ambao wino wake umepauka hata ukatofautiana na karatasi kwa ngazi 20 tu kati ya zile 256. Ukiiamuru programu iitanue tofauti hiyo ili wino uwe mweusi na karatasi iwe nyeupe, ngazi hizo 20 hazizaani. Husalia 20, zikiachana kama meno yenye mapengo, na palipokuwa na wino uliofifia polepole pakazuka mabaka. Sehemu iyo hiyo ya mwanga katika faili ya biti 16 ina nafasi ya ngazi 5,120. Isitoshe, mbano wa JPEG huvuruga kingo za alama ndogo ndogo.

Hapa ndipo isimu inapoingia. Katika hati za Kiarabu, nukta moja juu ya kijino mwanzoni mwa neno hutupa *n*. Ikiwa chini, hutupa *b*. Isitoshe, waandishi wengi wa kale walitumia herufi iyo hiyo ya *b* kwa sauti ya *p*. Basi nukta ikimezwa na baka, msomaji hajui kama mshairi alisema *nia*, *bia* kwa maana yake ya kale ya ushirika, au *pia*. Ubeti mzima hupinduka kwa sababu ya kidoa kisichozidi kichwa cha sindano.

Tufanyeje basi? Kwanza, mtafiti ahifadhi picha ghafi. Hata baadhi ya simu zinaweza. Pili, marekebisho yote yafanywe katika biti 16. Programu ya GIMP, isiyolipiwa, imekuwa na uwezo huo tangu toleo la 2.10 la mwaka wa 2018. Tatu, nakala ya biti 8 itolewe mwishoni kabisa, kwa ajili ya kusambazwa, na faili asilia isiguswe. Kuigeuza faili ya biti 8 kuwa ya 16 baadaye ni sawa na kumimina kibaba cha unga katika pipa: pipa ni kubwa, unga ni ule ule.

Najua nitaambiwa kwamba faili hizo ni kubwa mno. Ni kweli. Picha ya pikseli milioni 24 huchukua megabaiti 72 kwa biti 8, na 144 kwa biti 16, kabla ya kubanwa. Lakini nafasi ya kuhifadhia hununuliwa dukani, ilhali ukurasa ulioliwa na mchwa hauuzwi popote.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu katika idara za Kiswahili: tasnifu yoyote inayotegemea mswada ikabidhiwe pamoja na faili zake asilia. Huenda picha hiyo ndiyo itakayosalia pindi sanduku litakapofunguliwa tena na kukutwa vumbi tupu.